Nafasi ya Alto

Vumbi la Agosti huingia Ntalikwa bila hodi. Huingia pamoja na jua, likakaa juu ya masufuria, juu ya picha ya harusi, juu ya kiti kisichokaliwa, na Recheli akilifuta asubuhi hulikuta jioni limerudi pale pale. Hakulichukia. Siku hizi ndilo pekee lililokuwa likirudi.

Mumewe, Silasi, alikuwa mwalimu wa kwaya ya Moravian. Aliugua mvua zilipoanza, akazikwa kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Watu walikuja, wakaimba, wakala, wakaondoka. Ndivyo misiba ilivyo, ina kelele nyingi mwanzoni, halafu inamwachia mwenyewe.

Nyimbo zao zilitungwa hivi. Silasi alikaa mezani na kompyuta yake, akaandika soprano, akaandika tenori, ambayo ilikuwa sauti yake mwenyewe, akaandika besi, kisha akasimama. "Mama Asnath," aliita, "pita hapa." Na Recheli, kule jikoni, mwiko mkononi, macho yakimwasha kwa moshi, alipita. Aliimba alto ambayo hakufundishwa na mtu, na Silasi akaiokota nota kwa nota, akaipanga mahali pake. Ugali uliungua mara nyingi, wakaula hivyo hivyo.

Wimbo wa mwisho aliuacha na sauti tatu. Alto ilikuwa tupu.

Njia ya zamani ya misafara hupita si mbali na shamba lao. Wapagazi waliikanyaga na pembe za ndovu mabegani, mmoja akianzisha, wengine wakipokea, maana mzigo wa kuimbiwa hubebeka. Lakini anayeanzisha asipopokewa, wimbo nao humgeukia mzigo. Recheli alilijua hilo sasa kuliko alivyopenda kulijua.

Kisha simu ikaja kutoka Bukene. Alikuwa Masanja, mwalimu wa kwaya ya huko, ambaye Silasi alimrushia zile sauti tatu akiwa bado na nguvu.

"Shikamoo, mama. Tamasha limekaribia. Tuletee alto, ama niweke ya kwangu."

"Marahaba. Ningoje kidogo, baba."

"Halafu pale mwishoni pana uwazi mrefu, sauti zote kimya. Nadhani mashine iliruka. Huo nitaubana tu."

Alto ya Masanja. Recheli alikaa na maneno hayo kifuani mchana kutwa. Mtu mwingine apite mahali pake, kwa mume wake, katika wimbo wake. Aliona wivu, na hakuona haya kuona wivu.

Akafungua kompyuta. Chini ya vitufe palikuwa na kibao laini. Kidole kikiteleza juu yake, mshale kwenye kioo hufuata. Kwa Silasi ulifuata. Kwa Recheli uligoma. Miaka ya jembe, miaka ya kutunga majani ya tumbaku kule Igalula, miaka ya kuepua sufuria bila kitambaa, ilikuwa imemvika ngozi juu ya ngozi. Alilowesha kidole, mshale ukarukia kona ya mbali. Alikikausha, ukanyamaza. Alikisugua kwa jiwe, akakipaka mafuta, lakini wapi. Iliuma, jamani, kukataliwa na kitu kilichomzoea mumeo.

Binti yao Asnath, aliyeolewa Mpanda, alimtumia mausi ya waya kwa basi. Lakini mausi inataka meza, na meza ilikuwa na kiti, na kiti kilikuwa cha Silasi. Recheli aliijaribia jikoni, juu ya paja, juu ya khanga, na mshale ukayumba kama aliyetoka kilabuni. Alto ilikuwa tupu bado.

Akapiga moyo konde, akaibeba kompyuta ndani ya kikapu mpaka mjini, kwa Fikiri, fundi aliye karibu na soko.

"Mashine hii hainisikii," alimwambia.

Fikiri akapitisha kidole chake, mshale ukakimbia. "Mbona nzima, mama?"

Recheli akamfunulia viganja. Fikiri aliviangalia, hakucheka.

"Na mausi je?"

"Inataka meza."

"Si ukae mezani?"

"Meza ina mwenyewe."

Fundi aliinama chini ya kaunta, akaibuka na kibodi ya mashine kuukuu, zile za kuangalizia watoto tumboni, iliyokufa zamani. Katikati yake ilikaa gololi ndani ya kikombe, ikizunguka kokote ulikoipeleka.

"Hii haijali ngozi, mama. Inajali kusukumwa tu. Nang'oa kibao, naipachika hapo hapo."

Kung'oa. Recheli hakuwa amelifikiria neno hilo. Katikati ya kibao palikuwa na alama iliyong'aa, mahali kidole cha Silasi kilipopita mwaka hata mwaka. Kaburi lilikuwa kule kanisani, lina siku zake za kutembelewa. Alama hii ilikuwa ya kila siku, chini ya mkono. Kuiacha ni kumwachia Masanja wimbo. Kuupata wimbo ni kuitoa. Alikaa kwenye benchi la wateja mpaka kivuli cha kibanda kikamfikia miguuni.

"Ng'oa," alisema, akageuza uso.

Fikiri alitoa kisomeo cha sidii apate nafasi, akakata plastiki kwa kisu cha moto, akalehemu nyaya nyembamba moja moja. Gololi ilitokeza juu kidogo, kifuniko kikakataa kufunga sawasawa, basi akabandika vipande vya kandambili pembeni ili kioo kisigongwe. Haikuwa nzuri kutazama. Kisha akakifunga kile kibao kwenye gazeti na kumkabidhi, kama mafundi wafanyavyo, mteja ajionee kilichotoka. Recheli alikipokea kwa mikono miwili.

Jikoni, kigodani, kompyuta ikiwa mapajani, aliweka dole gumba juu ya gololi. Ikazunguka. Mshale ukaondoka. Aliusukuma kushoto ukaenda kushoto, aliusukuma kulia ukaenda kulia, na peke yake katika moshi Recheli alitabasamu. Kitu katika nyumba hii kilikuwa kimemsikia.

Akautembeza wimbo, mstari kwa mstari, mpaka mwishoni ambako hakuwahi kufika. Hapo akauona uwazi wa Masanja. Soprano ilisimama. Tenori ilisimama. Besi ilisimama. Alama za kimya zilipangwa moja moja, kwa mkono wa mtu asiye na haraka, na katikati yao mstari wa alto uliachwa wazi. Mashine haikuruka. Silasi aliwanyamazisha wote makusudi.

Miaka yote alimbembeleza aimbe peke yake kanisani, japo ubeti mmoja. Miaka yote Recheli alimjibu: nani atanisikiliza mimi? Hakumjibu kwa maneno, mtu yule. Alimtengea mahali.

Akarudi mwanzo, akaubonyeza wimbo uimbe. Sauti za mashine zikapanda, kavu, sawasawa, mpaka zikafika kwenye kimya. Nyumba nzima ikanyamaza. Recheli alifungua kinywa. Sauti ilitoka na kutu, ikakwama, ikapata njia, ikapita.

Na alipokuwa akiishusha, tenori ikaingia. Peke yake, kabla ya wengine.

Ilikuwa sauti ya mashine, haina kifua, haina kile kikohozi chake cha asubuhi. Lakini iliingia nusu pigo mapema, kama alivyoingia yeye siku zote, maana Silasi hakuwa na subira na jambo alilolipenda. Ikampokea Recheli pale alipofika, ikaenda naye hatua chache, halafu soprano na besi zikaja, na wimbo ukaisha.

Alilia kwa sauti, bila kujali majirani. Alto ilikuwa tupu bado, hakuwa ameandika hata nota moja, na Masanja angengoja hadi kesho. Akaisukuma gololi kwa dole gumba, akaurudisha mshale kabla ya kile kimya, akavuta pumzi, akaanza tena, ili amsikie akiingia.