Mafuta ya Sephora

...na bado amenyoosha mkono, Georges mfamasia, anangoja apewe chupa kama mtu anayengoja chenji, na Daktari Alphonsine amesimama dirishani mwa famasi ya hospitali, chupa moja kila mkono, anazitazama kwenye mwanga, ya kulia ni mafuta ya soya matupu ya kutundikia mshipani, meupe kama maziwa, mazima, ya kushoto ni soya iliyochanganywa na mafuta ya nazi, ndiyo aliyoitaka, maana ya nazi mwili huyachoma upesi, hayalemei ini, na ini la mtoto Sephora limechoka, macho yamekuwa manjano tangu wamkate utumbo uliooza, hamezi kitu, chakula chake chote kinapita mshipani... lakini tazama, juu ya chupa ya nazi pamekaa utando mnene wa mafuta, anaitikisa, utando unarudi, yamejitenga, ukimtia mtu haya unamuua, nani aliyeyagandisha, nani... “Frigo ilijaa, Docteur, nilitia mu congélateur na nyama. Mafuta ni mafuta.” Nyama! Na anajua kusoma huyu, kwenye chupa imeandikwa isigandishwe, angempiga nayo kichwani, angempasua... “Na ile ya soya tuwekee Arsène,” anaendelea, taratibu, kama anamshauri dada yake, “ule mwana mwanamuke ni wa Kasai, jamaa yake yote iko ku gare inangoya train, atarudia kwabo. Arsène ni mutu wa kwetu.” Arsène, mgonjwa ambaye leo asubuhi kamaliza uji akanung'unika hauna sukari! Kwabo wapi, Sephora kazaliwa hapa Likasi, babu yake aliletwa kuchimba shaba, kwabo ni nyumba ile majirani waliyoivunja madirisha siku walipoanza kuwafukuza watu wa Kasai... na yeye Alphonsine tangu asubuhi anajiambia nini, kwamba soya ni nzito kwa ini lile, labda haifai, labda isipotee bure, labda... labda hiyo ni ya nani? Anaisikia vizuri sasa, ni sauti ya Georges ile ile, imevaa koti jeupe, na hasira iliyokuwa imemwelekea Georges inamgeukia yeye mwenyewe, kwa sababu soya si bora lakini ni nzima, na ini lililochoka hulishwa kidogo kidogo, halinyimwi. “Docteur?” Anabaki na ile ya soya mkononi, anageukia mlango. Ataitundika mwenyewe, matone machache, polepole, akae hapo kando ya kitanda, apime damu kesho, akiona mafuta yamezidi atapunguza, na Nicolas, baba wa mtoto, akija kutoka gare na blanketi mabegani kusema, “Docteur, train imefika, miye nakuja kumubeba,” atamwambia wazi, mbele ya Georges, mbele ya yeyote, treni iende, binti yako anakula.