Siku Mlangoni Walipojaribu Kunyamaza

Kumwambia Mmeru ampokee mgeni bila kelele ni kama kumtukana, na Tabea alilijua hilo vizuri, maana yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote kwenye kwaya. Hata hivyo wiki nzima alipita nyumba kwa nyumba, migombani na kwenye mibuni, akiomba jambo moja tu: Ijumaa, mgeni akifika, watu wafunge midomo.

"Hata vigelegele?"

"Hata kukohoa."

"Makubwa haya!"

Mgeni mwenyewe alikuwa Bibi Pudensiana, afisa wa mazingira kutoka halmashauri. Alikuwa anakuja kuangalia mlango wa mto, pale Mto Kiserenga unaposhuka kutoka Mlima Meru na kujitandaza kwenye matete kabla ya kuingia ziwani. Ndiyo maana kitongoji kikaitwa Mlangoni. Yangeyange wako hapo, kwarara wako hapo, bata maji na korongo taji pia, na Tabea alizaliwa akisikia makelele yao. Sasa Bwana Nathanaeli, mfanyabiashara mwenye maduka kule Kijenge, alikuwa ameomba kibali cha kufukia matete yote kwa kifusi ajenge ukumbi wa harusi. Alidai kwamba pale si makazi ya ndege hata kidogo. Eti ni wapita njia tu, wanakunywa maji na kuondoka zao.

Pudensiana ndiye angeamua, na angeamua siku hiyo hiyo. Akiona ndege wanaishi pale, matete yanabaki. Akikuta patupu, kifusi kinamwagwa. Nathanaeli alikuwa na uhakika kiasi kwamba lori la kwanza lilishaegeshwa huko juu barabarani, dereva anasubiri kuitwa.

Hofu ya Tabea ilikuwa kelele. Ndege wa pale wakisikia kelele moja tu wanapaa wote, na mpaka warudi ni jioni. Na watu wa Mlangoni, jamani, hata wakisalimiana utadhani wanagombana.

Ijumaa ikafika na watu wakatii, ajabu ya Mungu. Turubai lilifungwa kwa ajili ya jua, viti vya plastiki vikapangwa, masufuria ya pilau yakawa yanachemka pembeni. Wanawake walijitanda khanga mabegani kwa baridi ya mlimani. Kila mtu aliinamisha kichwa na kutazama chini, kwa sababu ukimtazama mwenzako tu unacheka. Kimya kikatanda. Tabea akaridhika kabisa, wala hakuona amewapanga watu wale wafanane na nini.

Pudensiana alishuka garini anatabasamu. Akaona turubai. Akaona viti, masufuria, na watu walioinamisha vichwa. Tabasamu likamwishia. Akarudi garini, akatoa kile kitenge ambacho mwanamke wa Kitanzania hakosi kukiweka kwa dharura kama hizo, akajifunga kiunoni, kisha akaja taratibu akiwashika mkono mmoja mmoja.

"Poleni sana, wapendwa."

Ukimwambia mtu pole, mdomo hujijibia wenyewe. "Tumeshapoa," wakanong'ona.

Tabea alimkonyeza mgeni, mgeni akadhani anazuia machozi, akamkumbatia na kumpapasa mgongo.

"Dada, hakuna..." Tabea alinong'ona.

"Hakuna maneno, mama yangu. Najua."

"Hapana, namaanisha hakuna msi..."

"Nyamaza, mama. Lia tu."

Angefanyaje? Kupaza sauti hawezi, ndege wenyewe wako palepale nyuma ya matete. Kabla hajapata jibu, Pudensiana alikuwa ameshamfikia Mzee Sumari, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye masikio yake yalistaafu kabla yake.

"Shikamoo, mzee. Ni nani?"

Mzee Sumari alidhani anaulizwa ni nani aliyeomba kujenga ukumbi. "Marahaba. Ni Nathanaeli," akajibu kwa adabu.

"Nathanaeli wa Kijenge? Jamani! Jana tu tumeongea kwenye simu!"

"Huyo huyo," Mzee Sumari akasema, akitikisa kichwa kwa masikitiko.

Machozi yakamtoka Pudensiana. Na hapo hapo, kutoka nyuma ya turubai, Nathanaeli akajitokeza, kachelewa, suti nyeupe, viatu vyeupe, mkono kaunyoosha mbele.

"Dada Pudensiana! Karibu sana!"

"Yesu na Maria!"

Ukelele ule sijui ulifika Kimandolu au uliishia njiani. Matete yakatikisika yote kwa pamoja. Yangeyange, kwarara, bata, wote wakapaa, mbingu ikajaa mabawa, halafu ikabaki tupu. Nacho kicheko ambacho watu walikuwa wamekibana tangu asubuhi kikawatoka. Wengine walianguka na viti vyao. Mzee Sumari alicheka mpaka akalia, wala hakujua kinachochekesha ni nini. Pudensiana naye, baada ya kumminya Nathanaeli mkono mara mbili kuhakikisha ni nyama, akacheka mpaka kitenge kikamfunguka.

Tabea peke yake hakucheka. Alitazama juu. Alijua ameyapoteza matete ya utoto wake, na uchungu aliousikia haukuwa mdogo.

"Si nilisema?" akasema Nathanaeli, marehemu wetu aliyefufuka, akifuta jasho. "Wapita njia hao. Wamekunywa, wameondoka."

Pudensiana alijifuta macho akatembea mpaka ukingoni. Tabea akamfuata, tayari hata kupiga magoti.

"Dada, nakuomba urudi siku nyingine..."

"Na yule mbona hajaondoka?"

Katikati ya matete, juu ya lundo la majani, korongo taji alikuwa amekaa, shingo kailaza chini kabisa, taji lake la dhahabu linatetemeka. Mwenzake alisimama kwenye maji pembeni yake, mabawa kayafungua, akiwatazama watu wa Mlangoni kama watoto wasio na adabu.

"Analalia mayai," Tabea akasema. "Hawezi kuyaacha."

Vicheko vikakoma. Nathanaeli akasogea, viatu vyeupe vikizama kwenye tope, akatazama.

"Anaogopa," akasema polepole. "Anaogopa kweli, lakini kakaa."

"Kakaa kwake," akasema Pudensiana. "Hicho ndicho nilichokuja kukiangalia, Bwana Nathanaeli. Hapa hapamwagwi kitu."

Mara huko juu lori likanguruma. Dereva alikuwa amesikia vicheko, akadhani mambo yameiva, sasa anashuka na honi juu. Nathanaeli akatimka kumkabili, suti yote matope, mikono hewani, akinong'ona kwa nguvu zake zote.

"Zima! Zima gari!"

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Vipi, bosi? Kuna msiba?"

"Msiba wapi! Kuna mzazi."

Injini ikazimwa mara moja. Dereva akavua kofia, akateremsha sauti. "Hongereni sana. Amejifungua nini?"

Nathanaeli aligeuka akatazama kule kwenye matete.

"Bado," akanong'ona. "Tunasubiri."