Wimbo wa Langoni

Kosa lilikuwa la Waruguru, mama wa bibi harusi, na hakuwa na wa kumsingizia. Ndiye aliyechagua wimbo.

Jumamosi hiyo asubuhi, wakwe wa bintiye Eve walisimama nje ya lango la ploti yao Ziwani, wamebeba kreti za soda na mablanketi ya mahari. Desturi ni kwamba wenyeji huimba, wageni hujibu, na lango halifunguliwi mpaka wenyeji waridhike. Wageni walikuwa Wakamba, nyimbo za Kikikuyu hawazijui, kwa hiyo Waruguru akatafuta wimbo ambao kila mtu angeushika. Akaanzisha ule wa mavuno wa kanisani.

Sasa, wimbo huo haukuzaliwa kanisani. Muziki wake ni wa Kifaransa, wimbo wa mtu aliyeachwa na mpenzi. Uliingia Nairobi kwa santuri, wapiga gitaa wa vilabuni wakauchezea wanavyotaka, kisha mwalimu mmoja wa kwaya akauokoa akautia mahindi na maharagwe. Hayo Waruguru aliyajua vizuri. Alichosahau, jamani, ni kwamba vijana wa mtaa waliuchukua tena mwaka wa maandamano, mwezi wa Juni, wakatoa mahindi wakatia ushuru, wakaingia nao mjini.

Eve alikuwa mmojawapo. Na katika mstari wa polisi waliowakabili alikuwepo Sajini Mbaluka, baba ya Matheka, bwana harusi.

Tangu uchumba uanze hakuna aliyethubutu kumuuliza mzee alifanya nini siku ile. Eve alimwambia mamake waziwazi: kama aliinulia mtu rungu, nyumba yake siingii, hata nikimpenda Matheka namna gani. Kisha akakaa bila kuuliza, maana alimpenda kweli na jibu alilihofia.

Akina mama hawakuwa wamemaliza ubeti wa kwanza wa mavuno vijana walipoudaka kutoka madirishani, kwa maneno yao ya barabarani. Wakapiga sufuria. Mmoja akapaza sauti kumtaka Mzee Mbaluka ataje upande wake, "Buda wa nje, Juni ulikuwa side gani?"

Waruguru alitamani ardhi immeze. Akawapungia akina mama wanyamaze, wakanyamaza, lakini vijana ndio kwanza walikuwa wanapata moto. Nje ya lango wageni walitazama viatu vyao. Matheka alimshika babake mkono, na Waruguru akawaza, basi, sasa wanageuka wanaenda, na mimi ndiye niliyewafukuza.

Mbaluka akatua kreti yake chini.

Vijana walifika ubeti wa tatu wakakwama. Wengine walisema hivi, wengine vile, wakabaki kumung'unya maneno. Hapo ndipo sauti nzito ilipotoka nje ya lango, ikauimba ubeti ule wote, ushuru na unga na waheshimiwa na matumbo yao, bila kuruka neno hata moja.

Sufuria zikanyamaza.

"Mnashangaa nini?" Mbaluka akasema. "Mliniimbia kutwa nzima. Ningeachaje kuushika?"

"Woi, buda anaijua kutushinda!" mtu akacheka dirishani.

Eve alipaswa kujificha chumbani na wasichana wenzake, wamefunikwa leso, mpaka aitwe. Sauti yake ikatoka dirishani hata hivyo. "Mzee, uliinua rungu?"

Mbaluka alivua kofia.

"Sikuinua, mwanangu. Lakini sikuondoka pia. Niliogopa kazi yangu, nikasimama pale, mguu unapiga mdundo ndani ya buti na wengine wanapigwa kando yangu. Hilo nimelificha hata nyumbani. Kama linatosha kunifungia lango, nitaelewa."

Waruguru hakujua aombe nini. Mtu angedanganya kirahisi zaidi, akasema alikuwa likizo.

Mlango wa chumba ukagonga ukuta. Eve alitoka mbio, leso begani, mashangazi wakipiga kelele kwamba ameharibu kila kitu, ataonekana kabla ya kuitwa! Akavuta komeo mwenyewe.

"Ingia, Baba," akasema. "Chai inapoa."

Waruguru aliketi juu ya kreti ya soda na kulia kwa furaha, kwa sauti, mbele ya wakwe, na wala hakuona haya.