Mbegu Kumi na Sita za Mayige

Hivi huko ulikokaa, mjukuu wangu wa mbali, kwenye kiti kile cha kuzunguka, na taa zinakumulika kama bwana harusi, vumbi lipo? La kwetu Bariadi huwa linatangulia. Linaamka kabla yangu, linaingia kabla ya mgeni, linakaa juu ya sufuria, juu ya Biblia, juu ya kope. Mwezi huu wa kumi na moja lilikaa hata juu yako. Kila asubuhi, saa tatu, nilikupangusa kwa pindo la khanga, ndipo uso wako ukatoka kwenye kioo cha simu, na mkono wako ukiwa juu ya kete.

Jina lako sikuliweza. Sayi alinitamkia mara tatu, ulimi ukakwama mara tatu. Basi nikakupa la kwetu: Mayige, la marehemu kaka yangu, ambaye akiwaza alikuwa anauma kucha ya kidole gumba, kidole hicho hicho unachouma wewe. Bingwa wa dunia wa chesi unayekitaka kiti chake sikumpa jina. Ana shati jeupe lisilo na kunyanzi, na hilo linamtosha.

Fikiri, Mayige. Mimi nipo.

Sayi ni mjukuu wangu wa damu, miaka kumi na tisa, anasubiri kwenda chuo. Chesi aliipata sekondari. Akanichorea vyumba sitini na vinne kwa mkaa, juu ya ubavu wa katoni ya sabuni. Kete tukajitafutia wenyewe. Jeshi jeupe lilikuwa punje za mahindi. Jeshi jeusi, jeshi lako, lilikuwa mbegu za pamba kumi na sita. Mfalme wako alikuwa mbegu yenye manyoya yake bado, mzee wa watu, mvi kichwa kizima. Malkia nilimfunga uzi mwekundu. Farasi niliwakwaruza mgongoni kwa ncha ya kisu. Na askofu, Padri anisamehe, ndiye yule anayekwenda upande upande maisha yake yote.

Siku zikaenda. Sare. Tena sare. Ukashinda mmoja, nikaunguza ugali. Ukashindwa mmoja, nikatia chumvi kwenye chai. Sare, na sare, na sare. Wewe na Shati Jeupe mkawa kama maksai wawili kwenye nira moja, bega kwa bega, hakuna anayemwacha mwenzake hata nusu ya kwato. Na mimi nyuma yenu, nimeshika jembe.

Mume wangu Masunga alikuwa anasimama mlangoni, bega kwenye mwimo, haingii, hatoki.

"Mama Luhende, hao watu wamekufa?"

"Wanafikiri, baba Luhende."

"Dakika arobaini? Mimi nilikuoa kwa kufikiri pungufu ya hapo."

"Na ilionekana, babu," Sayi akasema.

Masunga akacheka puani. Akabaki pale pale kwenye mwimo mpaka mchezo ukaisha.

Sisi pamba tunaipanda kwa kamba, Mayige. Mtu huku, mtu kule, kamba yenye mafundo katikati yenu. Penye fundo pana shimo, kwenye shimo mbegu mbili. Mwisho mmoja wa kamba ni wa Masunga. Mwisho mwingine ni wangu, mwaka wa arobaini na moja huu. Akisema vuta, navuta. Akisema sogea, nasogea. Mbele tu, hatua moja moja, kama askari wako wadogo.

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha mlipomaliza mchezo wa nane. Tukapanda shamba la juu. Jua likiwa linashuka mbegu zikatupungukia, mstari wa mwisho ukabaki na mashimo manane. Masunga akaenda nyumbani kutafuta. Mezani akaukuta ubao wangu, nilivyouacha, majeshi yamepangwa tayari kwa mchezo wa tisa. Akakomba. Mfalme mwenye mvi, malkia na uzi wake mwekundu, farasi na makovu yao, askari wote wanane. Mashimo manane, mbili mbili. Zikatosha kabisa, hakuna iliyobaki wala iliyopungua.

Niliporudi nikakuta mahindi yamejipanga, yanatazama vyumba vitupu.

"Mbegu ni mbegu," Masunga akasema.

Sayi machozi yakamlenga. "Bibi, sema kitu."

Nikainama jikoni, nikaokota vipande vya mkaa, nikakuundia jeshi jingine. Vidole vyangu vikawa vyeusi siku zote zilizofuata. Niliosha, weusi haukutoka.

Fikiri, Mayige. Mimi nipo.

Ikafika leo. Mchezo wa kumi na mbili, wa mwisho, na mko sawa. Anayeshinda anachukua kiti. Mkitoka sare mtarudi kesho kucheza ile ya haraka haraka, na hiyo macho yangu hayaiwezi. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, nilikitaka kwa mwezi mzima: niuone mkono wako unapomaliza.

Alfajiri ikanyesha. Saa mbili na nusu Masunga yuko mlangoni, kamba begani.

"Shamba la chini," akasema. "Likikauka ndiyo basi."

Sentensi niliyotakiwa kuisema sikujua inaanzia wapi. Miaka arobaini na moja sijawahi kuianza. Nikashika mwisho wangu wa kamba.

Sayi akapanda juu ya kichuguu kilicho kati ya mashamba yetu mawili, ndipo mtandao unaposhika. Akawa ananiletea kwa sauti.

"Farasi wetu ameruka, bibi."

"Vuta," akasema Masunga.

"Shati Jeupe amevua saa ya mkononi."

"Sogea."

"Malkia wote wawili wametoka."

"Nani alianza kumtoa?" Masunga akauliza. Kisha akakohoa, akasema vuta.

Nikavuta. Nikadondosha mbili, nikafukia kwa kisigino. Nikadondosha mbili, nikafukia. Udongo umelowa, harufu yake inapanda, na kila fundo la kamba lilipopita mkononi nilikuona unauma kucha.

"Bibi. Askari wetu mmoja amepenya kushoto. Hana wa kumzuia. Vyumba vitatu afike mwisho."

"Vuta."

"Viwili."

"Mama Luhende, kamba imelegea. Vuta."

Haikuniponyoka, Mayige. Usije ukasikia kwa watu kwamba iliniponyoka. Niliiweka chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Baba Luhende, nataka kuona mwisho."

"Na kamba?"

"Ilale."

Nikaenda. Miguu mitupu, udongo unanata, mtu mzima nakimbia. Nikakata kwenye pembe ya shamba la juu, na pale kwenye mstari wa mwisho nikajikuta nimesimama. Mashimo manane. Majani mawili mawili, mabichi, yamekunjwa kama viganja. Nikahesabu upesi: kumi na sita. Hata mzee mwenye mvi amenyanyuka. Jeshi lako la kwanza lote liko juu ya ardhi, limejipanga, linatazama mbele.

Nikapanda kichuguu kwa magoti. Sayi akanisogezea kioo. Ulikuwa umeacha kucha. Mkono ukashuka, ukamsukuma yule mdogo chumba cha mwisho. Shati Jeupe akatazama muda mrefu, kisha akanyoosha mkono wake juu ya ubao akushike wako, kukiri ameshindwa. Hukucheka, hukuruka. Ulianza kuzirudisha kete mahali pake, moja moja, farasi watazame mbele. Mimi ndiye niliyepiga kigelegele, kwa niaba yako, mpaka ng'ombe wa Ngeleja kule bondeni wakainua vichwa.

Nilipotulia, Masunga alikuwa chini ya kichuguu. Kamba ameikunja begani.

"Huyo mdogo amefika mwisho," akasema. "Sasa wanamfanyaje?"

"Wanamuuliza anataka kuwa nini, babu, malkia au farasi."

"Wanamuuliza?"

"Anachagua mwenyewe."

Akapanda, akakaa karibu yangu. Lile vumbi linalotangulia kila mtu leo halikuwa na pa kwenda, lilikuwa tope kwenye magoti yetu, zito, linapoa. Vidole vyangu vilikuwa vimekuchafua kioo kizima. Masunga akaichukua simu, akakupangusa kwa pindo la shati lake, polepole, pembe hadi pembe, mpaka uso wako ukatoka.

"Nilikuwa nataka mniite," akasema. "Tangu mchezo wa kwanza."