Mkono wa Chuma kwenye Chanja za Katonga

Meshack, msimamizi wa mradi, alibandika karatasi ndefu ukutani mwa karakana ya Buzebazeba, akarudi nyuma kuitazama kama seremala anavyotazama kabati lake. Mpango mzima wa roboti ulikuwa pale. Alhamisi, wakubwa kutoka Dar waje Katonga kuuona mkono wa chuma ukigeuza dagaa. Mwezi unaofuata, mkono uhamie kiwanda cha soda kupanga kreti. Mwaka wa tatu, chini kabisa, kwa herufi ndogo: akina mama wa dagaa.

Yusta, fundi aliyeuunda mkono huo, aliisoma mara mbili. Yeye alikulia kwenye chanja zile za kukaushia dagaa, mama yake akigeuza dagaa na jua likimgeuza mama yake.

"Alhamisi haiwezekani, kaka Meshack."

"Kwa nini? Roboti imeharibika?"

Bi Mwanaima, mwenyekiti wa wakaushaji, alikuwa ameketi juu ya ndoo akingoja kuulizwa, na hakuna aliyemuuliza. Akajitosa mwenyewe: "Kitendawili!"

"Tega, mama," Meshack akasema.

"Tajiri wetu akiwasha taa, kazi hakuna."

"Umeme?"

"Umeme gani! Nipe mji."

"Haya, nakupa Dar."

"Dar nimekwenda, nimerudi, joto tupu. Ni mwezi, baba! Alhamisi ni mbalamwezi. Taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, nasi tunafua nguo mpaka giza lirudi."

Meshack akakuna kichwa. "Basi tumwage dagaa wakavu juu ya chanja, mkono uwageuze. Nani atajua?"

"Mkavu anateleza tu," Yusta akasema. "Mbichi ananata kwenye wavu wa chanja, na mkono huu bado unamkata kichwa. Wakubwa wakishapiga makofi, nani atarudi kuurekebisha? Mtaupeleka kwenye kreti, na mama zangu hawa wabaki na herufi ndogo."

"Dada, tiketi zimeshakatwa. Usipouwasha, kazi huna."

"Siuwashi."

Akachukua karatasi nyingine, akaibandika kando ya ile, akaandika: *Giza la kwanza, dagaa mbichi asikatike. Giza la pili, mkono uwahi kuwaanua mvua ikija. Giza la tatu, wakubwa waje.* Akaweka jina lake. Bi Mwanaima akaongeza la kwake, polepole, ulimi nje.

Meshack akampigia mkubwa wake wa Dar, simu akaiweka spika, akamweleza kwamba Yusta amegoma. Sauti ikafoka hadi mabati yakasikia. Yusta akaisogelea.

"Shikamoo mzee. Mkono ni wenu, chukueni. Ila Alhamisi mje muuwashe wenyewe, na dagaa wabichi mje nao."

Bi Mwanaima akachekea puani.

"Meshack," sauti ikasema hatimaye, imepoa, "futa Alhamisi."

Meshack akachukua kalamu, akaipiga mstari Alhamisi.

"Na kile kiwanda cha soda," Yusta akasema, "maadamu kalamu bado unayo."