Kitanda cha Viti vya Ndege

Gizani, kabla hakujapambazuka, nilisikia kitu kikigonga ta, kisha mvumo mwembamba wa hewa, ssss, kama birika linalokaribia kuchemka. Nikajigeuza nikiwaza mama mkwe kaamka mapema, anajitengenezea chai. Kisha nikamsikia akikoroma nyuma ya pazia.

Nani basi kabandika birika?

Mume wangu kazi yake ni kukata ndege. Ndege za abiria zikichoka, hurushwa mara ya mwisho hadi kwenye yadi yao, na hapo hazipai tena. Huvuliwa injini, magurudumu, vioo, viti, na bati linalobaki hukatwakatwa likayeyushwe. Kisichotakiwa na mtu, wafanyakazi huruhusiwa kwenda nacho nyumbani. Ndivyo tulivyopata viti viwili vilivyoungana, vikawa kitanda cha binti yetu wa miaka minne, tunayemwita Kidoti. Ukutani juu yake, baba yake alipigilia kipande cha dari ya ndege chenye taa za kusomea na barakoa mbili za njano zinazoning'inia.

"Wenzako wakitoka kazini wanaleta mkate," mama mkwe alimwambia siku ile. "Wewe unatuletea ajali."

"Mama, ukichoka kutembea tutakurusha."

"Basi unirushe mapema, meno yangali yamo."

Tulicheka sana. Hata hatukuwa na wasiwasi, kwa sababu dari ile ilikuwa na msalaba wa chaki. Ndani yake, juu ya barakoa, hukaa mtungi mdogo wenye dawa. Abiria akivuta barakoa, dawa huwaka humo ndani na kutoa hewa ya kupumua, na mtungi hupata moto kuliko pasi. Kwa hiyo yadini mitungi yote huvutwa kwanza, dawa ikaisha, ndipo dari ibanduliwe. Msalaba maana yake mtungi huu umeshavutwa.

Harufu ndiyo iliyoniinua. Vumbi linaungua.

Nilipofika kwa Kidoti, shuka niliyotundika ukutani kuzuia baridi ilikuwa inashika moto. Moto wa jikoni naujua. Huu sikuujua, ulikuwa mweupe, unanguruma, kama unapulizwa na mtu. Na mwanangu ameketi wima chini yake, barakoa usoni, macho yamemtoka.

Nikamkumbatia nikavuta. Hakuja. Nikavuta tena, akarudi kitini kama amegundishwa. Nikapapasa tumbo lake, vidole vikagota kwenye chuma baridi: alikuwa amejifunga mkanda.

Sijawahi kupanda ndege. Nilibonyeza kile chuma, nikakisokota, nikakivuta kwa kucha mpaka ukucha ukang'oka. Matone ya plastiki yalikuwa yanadondoka kwenye mto. Nikaanza kumwambia, "Mama yupo, mama yupo," na sauti yangu mwenyewe ikanitisha.

"Nyanyua kifuniko," mama mkwe alisema nyuma yangu akikohoa. "Usibonyeze, mwanangu. Kinyanyue. Ndivyo tunavyofungua tukicheza naye abiria."

Nikakinyanyua. Mkanda ukaachia kirahisi, kama haukuwa na neno na mtu.

Tulitoka, majirani wakaingia na mchanga na ndoo. Mume wangu, aliyekuwa zamu ya usiku, alitukuta tumekaa ukingoni mwa barabara, kumeanza kupambazuka. Alipiga magoti mbele yetu.

"Alama ilikuwepo," alisema. "Mama Kidoti, uliiona. Ilikuwepo."

"Niliiona."

"Tunachora misalaba safu nzima kwanza, ndipo tunarudi kuvuta mtungi mmoja mmoja. Ni haraka zaidi. Siku ile mvua ilitukatiza katikati." Akashika kichwa. "Mwenzangu alijua nimemaliza. Mimi nikajua yeye kamaliza."

Sikuwa na nguvu ya kumlaumu. Nilikuwa namtazama mtoto. Hakuwa ameungua popote. Nilimkagua nywele, masikio, vidole. Alikuwa anapumua, lakini kwa pumzi za juu juu, na tangu nimtoe hakuwa ametoa sauti, si kilio, si neno. Alikuwa anatazama mbele tu.

"Kidoti," baba yake alimwita. "Kidoti wa baba."

Hakugeuza hata macho.

"Moshi huu," mama mkwe alinong'ona, akaacha hapo, nami nikajua alichotaka kusema. Jirani alikuwa ameshaenda kutafuta gari la kutupeleka hospitali. Nilimwegemeza mtoto kifuani, nikampulizia uso, nikamsugua mgongo, nikamhesabia pumzi kwa kiganja changu. Nikawaza atakavyoanza shule mwakani, nikajilazimisha kuwaza hata sare yake, kola yake, kwa sababu nikiacha kuwaza hayo nilikuwa naona ule mkanda.

Akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu, akatema mate meusi kwenye bega langu. Kisha akashusha macho, akaitazama miguu yake isiyo na viatu.

"Mama, miguu yangu inasikia baridi."