Saa ya Nani Ifuatwe

Siku zile chumba cha mitambo cha shirika la reli kilikuwa na baridi ya kutetemesha meno, maana feni za kupoza mashine hazikuzimwa kiangazi wala masika. Nukta alikaa humo tangu asubuhi hadi jioni, amejikunja ndani ya sweta. Wenzake walimpachika jina hilo kwa udogo wa umbo lake, naye akalizoea hata akawa analitumia kusaini daftari la zamu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa mawasiliano, bibi harusi wa miezi mitatu.

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha madirisha ya tiketi ya stesheni kuu yanaelewana na yale ya stesheni ya milimani. Karani wa huku akiuza kiti, karani wa kule aone papo hapo kwamba kimekwenda. Kati yao ulipita waya wa kilomita mia tatu, na kila upande wa waya ulikuwa na mtambo wa chuma wa ukubwa wa kasha la viatu. Usoni ulikuwa na taa sita, mgongoni safu ya viswichi vidogo mno, unavisukuma kwa ncha ya bisibisi huku umezuia pumzi.

Fundi wa milimani alikuwa wifi yake.

Tena si wifi wa kuunga-unga. Alikuwa dada mkubwa wa mumewe, tumbo moja, na damu zao zilikataa kupatana tangu siku ya kwanza. Harusini alimpa mkono wa ncha za vidole, akamtazama juu hadi chini, akamwambia mdogo wake, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Basi ndiye huyu?"

Mitambo mipya ilipoletwa, kitabu cha maelekezo kilikuwa wazi kabisa. Ili mitambo miwili isikilizane lazima mmoja utoe mapigo ya saa na mwingine uyafuate. Stesheni kuu itumie saa yake ya ndani. Milimani wafuate saa inayokuja na laini. Nukta akainua simu ya mafundi na kumsomea wifi yake neno kwa neno.

"Mimi nimeanza kushika bisibisi wewe hujaota meno ya mbele," wifi akajibu. "Leo nifuate saa yako?"

"Si yangu, wifi. Ni ya kitabu."

"Aliyeandika kitabu hajawahi kufika huku kwetu." Simu ikakatwa.

Tangu siku hiyo laini ikawa na kwikwi. Kila baada ya dakika kumi na tisa taa nyekundu iliwaka, skrini za makarani zikaganda, na foleni ikaanza kuguna. Baada ya dakika moja mambo yalikaa sawa, kisha hesabu ikaanza upya. Nukta alijua ugonjwa tangu siku ya pili. Kila mtambo ulikuwa unakwenda kwa saa yake, na saa mbili hazilingani hata ziwe nzuri vipi. Tofauti ndogo ilikuwa inajilimbikiza, inajilimbikiza, mpaka laini inakosa hatua na kuanguka.

Lakini utamwambiaje mtu asiyetaka kusikia?

"Wifi, kiswichi cha saa umekiweka wapi?"

"Kipo panapostahili. Kwangu shwari. Jikague wewe."

Basi akajikagua, ili asije akaambiwa amekimbilia kulaumu. Akashika viswichi vya zamu ya kusema. Mtambo haukubwatuka tu. Ulipiga hodi kwanza, ukasubiri uambiwe karibu, ndipo ukatuma. Mafundi wenyewe waliziita hivyo ishara hizo, hodi na karibu. Nukta akaongeza muda kati ya hodi na karibu, akaupunguza, akabadilisha kebo, akasafisha pini kwa spiriti. Dakika kumi na tisa zilipotimia, taa ikamkodolea macho.

Wiki ya tatu mkuu wa mitambo, mzee mpole aliyeogopwa kwa upole wake huo huo, akaingia na kuegemea rafu. "Ijumaa nikiikuta hiyo nyekundu," alisema, "nitaandika barua mbili. Moja yako, moja ya wifi yako."

Jioni ile Nukta alishindwa kula. Mumewe akamdodosa mpaka akatapika yote. Alitarajia mume amtetee, au amtetee dada yake, ili wagombane yaishe. Mume akasukuma sahani pembeni.

"Baba alipofariki," alisema, "dada aliacha masomo akaenda kufundishwa ufundi. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alfajiri alikuwa akigonga mlango wetu, watoto watano, kila mmoja na zamu yake ya kuoga, kula, kutoka. Ukichelewa dakika mbili, chai huioni. Tulimchukia, nakwambia kweli. Lakini hakuna aliyefukuzwa shule." Akacheka kidogo. "Hakuna mtu aliyewahi kumwambia dada, leo pumzika, nitaamka mimi."

Nukta alilala na maneno hayo. Alhamisi asubuhi, kabla makarani hawajafungua madirisha, alichomoa kifuniko cha nyuma, akasukuma kiswichi kutoka saa ya ndani kwenda saa ya laini. Kitabu kiseme kinavyotaka. Kama wifi hakubali kufuata, atafuata yeye.

Taa nyekundu ikawaka. Haikungoja dakika kumi na tisa, haikungoja hata moja. Ikawaka ikabaki, na laini ikafa kabisa.

Simu ya mafundi ikalia kabla hajaigusa.

"Umefanya nini huko?" wifi akauliza, lakini si kwa sauti ile ya siku zote.

"Na wewe umefanya nini?"

Nukta alisikia feni za milimani zikivuma ndani ya simu.

"Nimekuachia wewe saa," wifi akasema polepole. "Kesho ni Ijumaa. Nimeweka nikufuate."

"Wifi… na mimi nimeweka nikufuate wewe."

Mitambo miwili ilikuwa imekaa ikisubiriana kama wageni mlangoni, tafadhali tangulia, hapana tangulia wewe. Kisha wifi akaangua kicheko, kicheko kikubwa cha kifua ambacho Nukta hakuwahi kukisikia, na yeye akajikuta ameketi sakafuni, machozi yanamtoka.

"Haya, kitabu kinasemaje?" wifi akauliza alipopata pumzi.

"Sisi wa huku tushike saa."

"Basi shika. Ila usinikimbize."

Nukta akarudisha kiswichi. Taa zikawa kijani zote. Wakakubaliana wasikate simu mpaka dakika kumi na tisa zipite, na kwa kuwa ilikuwa lazima waseme kitu, wakaanza kumsema mume: anavyokoroma, anavyoficha soksi chini ya godoro. Walipokumbuka kutazama saa, dakika arobaini zilikuwa zimekwenda.

Laini ile ilidumu miaka ishirini na mbili. Kila asubuhi walijaribu mawimbi, kisha wakasalimiana kwa kirefu. Mimba ya kwanza ya Nukta wifi aliijua kabla ya mwenye mji. Kifo cha mama mkwe kilifika kwa simu hiyo, na siku hiyo ni Nukta aliyesema, "Pumzika, wifi, leo nitapima mimi pande zote mbili." Wifi alipostaafu, fundi mwingine alishika nafasi yake, mtu mzuri tu, lakini alikuwa akisema "Laini safi" na kukata.

Kisha zikaja nyaya za kioo, zinazopitisha mwanga badala ya umeme. Siku moja Nukta alikuta karatasi imebandikwa mlangoni: WIFI IMEHAMIA CHUMBA CHA PILI. Alicheka peke yake mpaka mhandisi mpya akatoka kuuliza kulikoni.

Mhandisi huyo ndiye aliyemletea fomu ya kuzima mtambo wa zamani.

"Mipya inapanga saa yenyewe, mama," alisema. "Hakuna kiswichi cha kugusa."

Nukta akasaini, akazima, akabaki amesimama pale. Taa zilikufa moja baada ya moja. Akatoa simu yake ya mkononi, akapiga milimani.

"Umeizima laini yetu?" wifi aliuliza bila salamu.

"Sasa hivi."

"Ilikuwa ngumu?"

"Kidogo."

Wifi akavuta pumzi. "Mimi hapa nimevuna vitunguu havina pa kukaa. Jumamosi panda treni uje. Mdogo wangu mwache nyumbani, tukamseme vizuri."

Nukta akaenda dirishani kukata tiketi.